Baraza la Plastiki Madizini

Uani pa nyumba moja huko Madizini, Turiani, jirani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kijana mwenye Toyota IST alifungua boneti, akang'oa boksi la ea klina, akakikata kwa msumeno kile kibweta kilichojitokeza ubavuni. Kisha akaenda kuazima waya mrefu wa umeme. Vitu alivyoviacha juu ya turubai vikaanza kusengenya.

"Shikamoo, Babu," alisema Boksi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakukata shavu?" aliuliza Kiti, kile cheupe cha plastiki, mstaafu aliyevunjikia mguu harusini.

"Mwenye gari. Kaambiwa kibweta changu kinabana nguvu."

Kipande cha bomba la PVC kikacheka. "Si uongo! Shingo yako nayo itakatwa, niwekwe mimi, mnene. Hewa itaingia kwa wingi, na IST itanguruma kama Subaru."

"Kunguruma, itanguruma," alijibu Sensa ya hewa, aliyekuwa bado amechomekwa kwenye mfuniko wa Boksi. Sensa ni mdogo wa umbo na mkubwa wa dharau, kama karani wa mizani. "Kibweta kile hakikuwa njia ya hewa. Ni chumba chenye mlango mmoja, kimepimwa ili kimeze mlio wa injini. Hesabu za vyumba vya namna hiyo alizifanya Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Ukikitoa, unapata makelele. Na hiyo shingo nyembamba ndiyo kipimo changu. Nina uzi unaopashwa moto; hewa ikipita unapoa, na kwa umeme unaotumika kuurudishia joto, kompyuta inajua imwage petroli kiasi gani. Tanua shingo, nami nitasoma pungufu: petroli itakuja kidogo, hewa nyingi, na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi."

PVC akanyamaza kidogo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mnajichosha bure," alidakia Dumu la njano la mafuta ya kula. "Kuna tundu, na mimi nipo. Nikatwe kiraka, nichomelewe, yaishe."

"Ngoja, mtani," alisema Kiti. "Wewe ni wa ukoo gani?"

Swali hilo si geni Turiani. Wazigua, Wanguu na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu asiyejua ukoo wake huchekwa. Kiti akawaamuru wote wajigeuze, wasome herufi walizogongwa kiwandani. Boksi alikuwa na PP-TD20, maana yake polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20. Dumu alikuwa na pembetatu yenye namba 2: polithini nzito. PVC ni namba 3. Kiti mwenyewe, namba 5: polipropilini.

"Basi sikilizeni. Polithini nzito ilitoka kwa Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953. Polipropilini yetu aliitengeneza Mwitalia Giulio Natta mwaka uliofuata. Wakagawana Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Wazee waligawana tuzo, lakini watoto wao hawaungani."

"Kwangu wanaungana!" alifoka Chuma cha Moto, kile cha umeme cha kuchomelea plastiki. "Nimeziba mabeseni, ndoo na mabampa ya watu."

"Umeyeyusha, mwanangu. Kuunga ni kazi nyingine. Dumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, Boksi kwenye 160. Kiraka kitaonekana kimeshika; kikipoa na kutikiswa na injini, kitabanduka kwa ukucha. Na huyo PVC ukimuunguza anatoa moshi wenye asidi. Unawasha koo na kutia chuma kutu."

"Kwa hiyo dawa yangu iko wapi?" aliuliza Boksi kwa unyonge.

"Kwa ndugu zako. Fundi bomba akiunga mabomba ya PPR kwa mashine yake ya nyuzi 260, anaunga polipropilini. Ukipata ukanda wa plastiki hiyo, kwangua kingo za tundu, yeyusha kingo na ukanda kwa pamoja, taratibu, bila kutoa moshi. Kiti kibovu nacho kinatosha."

Kimya. Macho yote yakageukia mguu uliovunjika.

"Nimejiponza kwa mdomo wangu," alisema Kiti.

"Lakini nifunguke au nizibwe, kuna tofauti gani?" aliuliza Boksi. "Si nina chujio?"

"Umekatwa upande wa ndani, hewa ikishapita chujio," alijibu Sensa. Hapo mzaha ukapungua. Barabara za katikati ya mashamba ya miwa ni za udongo, na lori la miwa likipita, vumbi hukaa hewani muda mrefu. Lililokwepa chujio huingia kwenye silinda pamoja na chembe za mchanga, likasaga kuta zake na ringi za pistoni. Wakati wa kuchoma miwa, majivu nayo huongezeka.

Geti likalia. Kijana alirudi na waya, akapasha Chuma na kumchukua Dumu, kwa sababu Dumu ni laini na anakatika kwa mkasi. Kiti akaachwa ameegemea ukuta, hana la kusema. PVC alisalimika kwa kuwa hakulingana na mdomo wa injini.

Jioni gari liliporudi kutoka Dakawa, kiraka kilikuwa kimeachia upande mmoja, na mlio ulisikika vizuri sana. Injini ya IST hiyo ni ya cc 1,298, na ilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 87. Msumeno haukuongeza hata moja, na vumbi limeanza kuzipunguza.