Sifa za Chumvi ya Ukutani

Wamesifiwa wafalme, yamesifiwa majahazi na farasi, na hata popo na ndege waliohamia katika majumba matupu ya Pate walipata nafasi yao katika utenzi wa Al-Inkishafi. Lakini chumvi ile itokayo ndani ya ukuta wa nyumba kongwe, ikapanda taratibu kutoka msingini, ikabambua chokaa, ikamwaga unga wake mweupe juu ya mikeka, vitabu na vyakula vya watu, ingali yangoja wa kuisimamia na kuzitaja fadhila zake. Dhuluma hii nimeazimia kuiondoa, na sidhani kama yuko mwenye haki zaidi yangu ya kuishika kazi hii, kwa kuwa nalala nayo, naamka nayo, na chai yangu ya asubuhi huwa imekwisha kuitambua kabla haijatiwa sukari.

Mimi ni mtu wa Unguja, niliyehama nchi yangu nikaja kukaa Lamu kwa azma ya kulifufua gofu moja la mawe, lililoachwa na wenyewe tangu paa lake lilipoingia ndani. Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, ni kwa nini mtu atoke katika mji wenye magofu maridhawa aende kutafuta gofu ng'ambo. Jawabu ni kwamba gofu la kwetu lina warithi, na warithi wetu ni watu waheshimianao sana, hata hapana mmoja aliye tayari kumtangulia mwenzake katika kununua mfuko wa chokaa. Ilhali gofu la Lamu lilikuwa na muuzaji mmoja tu, mcheshi, mwenye haraka. Nikavuka mpaka basi, na hapa, ijapokuwa nasema lugha ile ile wanayoisema majirani zangu na naswali msikiti mmoja nao, sheria yanihesabu mgeni: Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiyekuwa raia kushika ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Sikuudhika. Kwa afya niliyo nayo, miaka 99 yanitosha. Na chumvi, ambayo hakuna aliyeiuliza uraia wake, imeishika nyumba nzima bila ya mkataba wowote.

Tuanze na nasaba yake, kama ilivyo desturi ya sifa. Mawe ya kuta za Lamu ni matumbawe, viumbe wa bahari waliokwisha kufa wakawa jiwe. Chokaa inayoyaunga imechomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, yakipangwa juu ya lundo la magogo ya mikoko. Mchanga, ikiwa mjenzi alikuwa mvivu wa kwenda mbali, umechotwa ufukweni. Na boriti zinazobeba dari ni mikoko iliyokulia katika maji ya chumvi, ambayo kwa ufupi wake ndiyo iliyohukumu kwamba vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba, upana wake ukikomea mita 3 hivi. Chumvi basi si mvamizi wa nyumba hii. Ni mwenyeji, na mimi ndiye niliyekuja juzi na mkoba. Unyevu wa ardhini hunyonywa na mawe yenye vitundu, ukapanda pamoja na chumvi iliyoyeyuka, na ufikapo usoni pa ukuta maji hukauka yakaenda zake hewani, chumvi ikabaki, ikajikusanya punje kwa punje ndani ya vitundu hata nafasi ikaisha. Na nafasi ikishakwisha, chokaa hupasuka ikaanguka. Ije masika, chumvi hiyo hiyo huvuta maji ya hewani, na ukuta ukatoka jasho ilhali mwenye nyumba amekaa tu. Wajenzi wa kale waliyajua haya, nao wakaiachia njia: lipu ya chokaa hupitisha pumzi ya ukuta, huibeba chumvi, huharibika yenyewe badala ya jiwe, kisha hukwanguliwa ikapigwa nyingine.

Lakini fadhila iliyo kuu, ambayo kwa ajili yake nimekaa kitako kuandika, ni ukweli wake. Muuzaji, siku ya kunionyesha nyumba, alikuwa ameipaka chokaa kuta zote kutoka dakani mpaka ndani kabisa, hata zidaka zenye nakshi zikameremeta, akaniapia viapo vizito kwamba ukuta wake haujui maji. Dalali akathibitisha. Mwandishi wa hati akaandika. Mashahidi wakatia saini. Katika jamaa yote ile ya watu wenye kofia nzuri na kalamu nzuri zaidi, iliyokataa kushiriki ni chumvi peke yake: haikupita masika ila ilikuwa imekwisha kutoa kauli yake, doa la kijivu kwanza, kisha malengelenge, kisha ukuta mzima ukavua nguo hadharani. Tangu hapo nimetafakari sana juu ya kiumbe huyu mnyofu, nikaona kwamba, lau tungekuwa na insafu, tungempa cheo serikalini. Kadhi angewaketisha mashahidi chini ya ukuta wenye chumvi, ili kila asemaye uwongo amwagikiwe na unga begani. Vitabu vya hesabu vya idara vingeegemezwa ukutani usiku mmoja, na asubuhi kila tarakimu iliyoongezwa ingekuwa imefura. Mkaguzi huyu hadai posho, haombi likizo, hana mtoto wa kutafutiwa nafasi ya masomo, wala hali chakula cha mchana kwa wale anaowakagua. Bungeni angenyamaza muda wote wa hotuba, na baada ya msimu mmoja angeanza kuzibambua ahadi, moja moja, kutoka chini kwenda juu. Tena ni nani awezaye kumhonga? Umpe maji, atakua, umnyime, atachanua, umfunike, atasubiri.

Kwamba husubiri nililishuhudia kwa fundi mmoja, kijana mwenye simu mbili na kauli tamu, aliyesema, “Sheikh, dawa ya hii ni simiti. Nipe mifuko tu, mwakani utakuwa umeshaisahau.” Akaupiga ukuta simiti mpaka usawa wa kiuno, laini, ngumu, ya kupendeza macho. Chumvi haikubishana naye. Shahidi aliyezibwa mdomo mahakama ya chini alikata rufaa ya juu: unyevu ulipokosa pa kutokea ulipanda nyuma ya simiti, ukapita kiuno, ukapita kifua, ukatokea kwenye zidaka ambako wajenzi hawakuutarajia abadani, na safu nzima ya nakshi, iliyochongwa na mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, ikashuka sakafuni ikiwa unga. Fundi kwa wakati huo alikuwa hapokei hata moja ya zile simu mbili.

Fadhila nyinginezo nitazipitia kwa haraka. Huwazoeza watu kufagia. Huwapunguza wageni wa kulala, hasa wale wa muda usiojulikana. Humkinga mtu na kiburi cha kuvaa nguo nyeusi. Fauka ya hayo, imenipatia jaha kwa jirani mmoja wa Kizungu, aliyenunua gofu huko Shela akalijenga upya kwa mali nyingi, na ambaye mafundi wake walikesha wakiupaka rangi ukuta mpya ili uonekane mkongwe; alipoliona doa la sebuleni kwangu alisimama mbele yake kwa taadhima, akataka kujua aliyelifanya ni nani na anatoza kiasi gani.

Ningependa kuendelea kwa utulivu huu huu, lakini meza hii nimeipangusa sasa hivi na imeshajaa tena. Basi niseme. Chumvi hainiudhi hata robo ya wanavyoniudhi wanaoifunika. Chokaa ya kuchoma yataka kuni, yataka maji, yataka kuachwa ikaiva, na mwenye kuijua kazi yake anazeeka bila ya mwanafunzi. Simiti ipo kila duka, na ikishapakwa rangi humridhisha mkubwa apitaye mara moja. Ukisikia kuna ugeni mzito, utaona kuta za njia kuu zinapakwa rangi usiku kucha, mpaka kimo cha macho ya wageni, na vichochoro viwili nyuma yake boriti zinaoza ndani ya ukuta na watoto wamelala chini yake. Kwetu Unguja ni hivyo hivyo, nisije nikaonekana nawasengenya walionipokea. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilifungwa kwa watazamaji mwaka 2012 kwa ubovu wake; tarehe 25 Desemba 2020, huku matengenezo yakiendelea, upande wake wa mbele pamoja na mnara ukaanguka, wakafa watu wawili. Miaka minane jengo linasema, na mji mzima unapita mbele yake ukipiga picha! Baada ya hapo ndipo zikaja hotuba, nazo zilikuwa nyingi.

Mji mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na ni haki kabisa kwamba mtu asiguse ukuta wake bila ya ruhusa. Kwa hiyo nilikwenda katika afisi moja, ambayo adabu yanizuia kuitaja, na ombi dogo: nikwangue simiti, nipige lipu ya chokaa kama walivyopiga wenye nyumba wa awali. Bwana aliyenipokea alikuwa mpole kupita kiasi. “Mzee wangu,” akasema, “simiti, maadamu imekwisha kuwako, ni katika hali ya sasa ya jengo, na hali ya sasa haibadilishwi ila kwa kibali.” Kibali hutolewa na kamati, kamati hukaa ikipata akidi, na akidi bado inatafutwa. Kuipaka simiti, kumbe, hakukuhitaji akidi ya mtu yeyote. Ukuta wa nyuma yake, uliopigwa simiti na kutiwa rangi ya maziwa kwa ajili ya ugeni wa mwezi uliopita, ulikuwa umefura sawasawa na kiwiko chake; kila alipotaja kamati aliugusa, na kila alipougusa unga ulimwagika juu ya majalada. Alipoona macho yangu yameelekea huko, akalichukua jalada lililokuwa karibu, akaupangusa ule unga kwalo mpaka meza ikawa safi, akakung'uta dirishani, akarudi kuniuliza jina langu kamili ili alitafute ombi langu; nikamwambia asijisumbue, ndilo hilo alilolishika.