Namba Isiyo na Mhuri

Chui alipofungua zahanati chini ya mbuyu, alikuwa na vitu vitatu: koti jeupe lililotiwa buluu, mashine ya kupimia presha, na mhuri. Mhuri ndio alioupenda kuliko vyote.

Bi Digidigi alifika wa kwanza. Ametoka mbio tangu bondeni, mkojo umembana, na kabla hajakaa vizuri Chui alishamvuta mguu wa mbele. "Tulia," alimwambia, meno yote nje. Mkanda ukaanza kujaa upepo, ukabana, ukazidi kubana. Pua ya Chui ilikuwa juu ya shingo yake, ikitoa harufu ya nyama ya jana. Digidigi akajikuta anawahesabu majirani: ni nani ambaye hajaonekana tangu jana?

172 kwa 104.

"Una presha," Chui alisema, akagonga mhuri, akamwandikia dawa za maisha.

Kiboko alifungwa mkanda uleule, ukamshika kama mshipi wa mtoto kiunoni mwa bwana harusi. Naye akatoka na presha. Twiga, ambaye kwa maumbile presha yake ni kama mara mbili ya binadamu kwa kuwa damu lazima iipande shingo yote ile, alilazwa. Mwisho wa mwezi ripoti ilikwenda kwa Simba: msitu unaumwa, bajeti iongezwe.

Digidigi akamwendea Kobe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nenda kwanza ukajisaidie."

Aliporudi, Kobe alimkalisha mgongo ukiegemea kichuguu, miguu ya nyuma chini bila kupishana, mguu wa mbele juu ya jiwe, usawa wa moyo. Halafu kimya, dakika 5. Kwa Kobe huo si muda. Salamu zake tu huchukua zaidi. Akapima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, siku 7, akaitupa siku ya kwanza kwa kuwa siku ya kwanza kila mtu ana wasiwasi, akatafuta wastani wa zilizobaki. 124 kwa 79.

"Zahanati hushtuka kwenye 140 kwa 90," alisema. "Nyumbani tunashtuka mapema zaidi, kwenye 135 kwa 85. Wewe hujafika kokote. Lakini dawa usiziache kwa maneno yangu. Mpelekee daktari daftari hili la vipimo."

Chui alilifunua kwa ncha ya ukucha. "Mhuri uko wapi?"

Kasuku, aliyewahi kuishi ndani ya tundu sebuleni kwa daktari mmoja mjini, akaingilia kati. Alisikia huko kwamba mwaka 1983 Mwitaliano Giuseppe Mancia na wenzake waliwawekea wagonjwa kipimo ndani ya mshipa, kikisoma muda wote, kisha daktari akaingia chumbani. Presha ya juu ikaruka alama 27 hivi kwa wastani, na daktari hajafanya lolote ila kuja na kupima.

"Italia hakuna chui," Chui alijibu, na kusema kweli hapo hakukosea. Akampima Digidigi upya papo hapo, koti likimgusa puani. 176. "Unaona? Imepanda. Tunaongeza dozi."

Wiki ile Digidigi aliinuka kwenye nyasi akaona kizunguzungu, akashika mti.

Fisi yeye hakuwa na shida na zahanati. Hamwogopi Chui, mizoga yao ni ileile. Alikaa akicheka, akapimwa akicheka: 126 kwa 78, cheti, mhuri. Nyumbani ndiko kwenye wadai wawili mlangoni, shemeji anayekoroma, na usiku usio na usingizi. Mkewe akamwomba Kobe ampime naye siku 7. Wastani ukaja 154 kwa 97.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "rudi kwa daktari na daftari hili."

Fisi akacheka hadi machozi. "Hilo? Halina hata mhuri."

Kobe alipokuja jioni kurudia kipimo, alikuta kiti alichompimia Fisi kimesogezwa kando. Fisi alikuwa amesimama juu yake, nyundo mkononi, anapigilia cheti ukutani, wino wa zambarau unang'aa.