Tuma na ya Kutolea

Fundi wa kuchomelea akitengeneza fremu ya bango hapa Kahama analipwa kianzio kabla hajawasha mashine. Mchapishaji wa turubai anahesabu mita za mraba, na ukimpunguzia hela anakupunguzia turubai. Kijana anayepanda ngazi kulifunga juu ya duka naye analipwa, na akishuka anadai soda. Aliyetunga maneno yaliyoandikwa kwenye hilo bango, yaani mimi, anaambiwa: "Mwandishi, wewe si ulikaa tu kwenye kiti?"

Kazi yangu ni kuwaandikia watu biashara zao. Matangazo ya redio, barua za kuomba zabuni, maneno ya kubandika Instagram na kwenye stetasi za WhatsApp, vipeperushi vya nyumba za wageni. Sina ofisi wala bosi, ndiyo maana wateja wangu, waliotapakaa kuanzia Tinde hadi Katoro, wanaamini pia kwamba sina njaa. Wanachokubaliana wote, Wakristo kwa Waislamu, Simba kwa Yanga, ni kwamba maneno hayana gharama kwa sababu kila mtu anayo mdomoni.

Zamani mfanyabiashara wa huku alisimama mlangoni pa duka lake akaita wateja, basi. Mambo yaliharibika mwaka 2018, zilipotoka kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini, zinazoitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Sheria nzuri kabisa, sina neno nayo. Ila kuanzia hapo kila mwenye Canter moja alijigundua kuwa ni mzabuni. Na mgodi mkubwa, uwe ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 au Bulyanhulu kule Kakola, hauitwi kwa kusimama mlangoni. Unataka makaratasi: cheti cha BRELA, namba ya mlipakodi, na kile kijitabu ambacho huku tunakiita profaili. Profaili ndiyo inayonilisha, siku ikiamua.

Chukua tajiri mmoja wa Katoro. Anauza pampu za maji, kamba, buti na tochi za kichwani, na anauza kwelikweli, duka halikauki watu. Alitaka profaili. Maelezo ya kampuni alinitumia kwa sauti, akiwa amesimama pembeni ya karasha. Nikawa nasikia mawe yanasagwa, katikati linapita neno "ubora", kisha mawe tena, kisha "vijana wetu ni waaminifu, isipokuwa mmoja", kisha mawe, na mwisho kabisa: "Umenielewa lakini, eeh?"

Nikampigia.

"Tajiri, kampuni ina uzoefu wa muda gani?"

"Andika miaka 15."

"Cheti cha BRELA kinaonyesha imesajiliwa mwezi uliopita."

"Hiyo ni kampuni. Mimi mwenyewe nimesajiliwa lini?"

Tukaingia kwenye huduma. Akazitaja: vipuri, usafirishaji, ujenzi, usafi, ulinzi, chakula cha wafanyakazi, upandaji miti, na kwa kinywa chake mwenyewe, "n.k." Nikamsihi tuitoe. Akagoma. Anaamini ipo siku ofisa manunuzi wa mgodi atafika kwenye ile n.k. aseme, jamani, tumeitafuta sana hii, wapeni kazi.

Kwenye dira sikuhangaika, kwa sababu dira huku ni moja: "Kuwa kampuni inayoongoza Afrika Mashariki na Kati." Nimeshaziandika nyingi zinazoongoza Afrika Mashariki na Kati, na kadhaa kati yake zinatumia choo kimoja.

Nilipokabidhi rasimu, ilianza safari ya marekebisho. Mteja wa huku hasomi kazi peke yake, anaipeleka kwa wazee. Ilipita kwa shemeji, ikapita kwa mchungaji aliyeongeza jina la Mungu sehemu ya dhamana ya bidhaa, ikaishia kwa mtoto wa kidato cha nne ambaye ndiye mkaguzi mkuu wa Kiingereza cha ukoo. Mtoto akatoa ripoti kwamba hakukuta neno gumu hata moja. Baba mtu akanipigia kwa masikitiko ya msiba.

"Mwandishi, nimesoma nikaelewa yote."

"Ahsante, tajiri."

"Unashukuru nini? Kama mimi nimeelewa, hao wazungu wa mgodini watatuheshimu?"

Nikapandisha Kiingereza mpaka kikafika mahali ambapo hata mimi nilikisoma kwa tahadhari. Akafurahi.

Si wote wanaotaka maneno makubwa. Wapo wasiotaka maneno kabisa, na hao ndio wanabishana vizuri zaidi. Mzee mmoja wa Maganzo, anayeuza mabati, aliniuliza almasi ya Mwadui ilitangazwa na nani. Alikuwa anaisema ile almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947, ambayo Williamson, mwenye mgodi, alimpa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. "Hapakuwa na mwandishi," alisema mzee, "na dunia nzima ikaijua. Kitu kizuri hakihitaji maneno." Nikamjibu kwamba ile ilikwenda kuvaliwa na mtu aliyekuja kuwa malkia, na kwamba bati la geji 30 halina bahati hiyo. Akacheka, akaninunulia chai, na tangazo hakuandikisha.

Kuna mwingine mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kagongwa, mzee wa Kisukuma wa makamo ya baba yangu. Nilimwamkia "mwangaluka", akaniita ng'wanawane, yaani mwanangu, nikajua hapo bei imeshakufa. Redio inauza sekunde 30. Mzee alitaka katika hizo sekunde 30 tueleze alivyoanza na baiskeli, ng'ombe aliowauza kupata mashine ya kwanza, waliomcheka wakati ule kwa majina yao, na mwisho kwamba anakoboa mpunga. Tuliwachomoa waliomcheka kwa sababu wawili bado ni wateja. Lakini mzee huyu, nisimseme vibaya, alinilipa siku ileile: nusu fedha, nusu mchele. Mchele wa Kagongwa ukichemka chungu kimoja mtaa mzima unajua kwako kuna nini. Huyo ni mteja.

Shida yangu iko upande wa dhahabu.

Kule kila kitu kinakwenda kwa mgao. Mwenye leseni hashuki shimoni, ana fungu lake. Mwenye shamba hashuki, ana fungu lake. Tajiri anayetoa unga, mafuta ya jenereta na magogo ya kuzuia kuta za duara, yaani hilo shimo, ana fungu lake. Wanaoshuka wenyewe wanagawana kinachobaki, nacho ni mifuko ya mawe, siyo noti. Mawe yakiwa matupu, mtu kafanya kazi ya ugali miezi yote hiyo na hakuna wa kumdai. Wameukubali utaratibu huo wenyewe, wameuzoea, na kwa kweli mtu anayeshuka ardhini kwa kamba kwa ahadi ya namna hiyo ananizidi moyo. Ugomvi unaanza wanapoamua kuwa na mimi nimo kwenye duara.

"Tukishinda zabuni ndipo tutagawana, mwandishi. Ukiandika vizuri si tutashinda?"

"Na tukikosa?"

"Basi hukuandika vizuri."

Hoja hiyo nimeigeuza usiku na mchana, haina mlango. Ukiulizia hela unaambiwa mzigo haujatoka. Mzigo ukitoka, wanasubiri kuosha. Wakiosha, duara limeingia maji na hela yote imekwenda kwenye pampu. Pampu nayo imenunuliwa kwa yule tajiri wa Katoro niliyemwandikia maneno ya kusifia pampu.

Mmoja wa upande wa Rwamgasa alikuwa muungwana zaidi, akanilipa kweli. Kwa mawe. Alinikabidhi viroba viwili vimefungwa vizuri, akasema mwamba huo dhahabu yake inaonekana kwa macho. Macho ya nani, hakusema.

Nikavipeleka kwenye karasha. Mwenye karasha hajui mgao, anataka hela yake taslimu kabla jiwe halijaingia. Yakasagwa. Kwenye mwalo kijana akayaosha, mchanga mzito ukabaki, akaumwagia zebaki na kuufinyanga kwa mikono mitupu. Nikamuuliza kama hana glavu, akaniuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Alipoanza kuchoma nilisogea upande upepo unakotoka, maana moshi ule hauna utani. Mwisho akanionyesha kijiko. Nikatazama. Akanielekeza kwa ncha ya kijiti, ndipo nikaona. Ilipopimwa haikurudisha hata gharama ya karasha.

Nikadhani angalau nichukue ule mchanga uliobaki. Kumbe mchanga huo, unaoitwa marudio, kwa desturi ni wa mwenye mwalo. Anaurundika, na ukitosha unalowekwa kwenye sayanaidi, inatoka dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Kwa hiyo kazi yangu ya maandishi ilimpa mwenye duara profaili, mwenye karasha hela, mwenye mwalo marudio, na mimi nikarudi Kahama na vumbi la viatuni, tena nimelipa nauli.

Baadaye nikaja kugundua kwamba hata maandishi yana marudio yake. Nilikwenda Geita kwenye yale maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika kila mwaka, nikitafuta wateja wapya. Banda la kwanza nikaokota kijitabu cha kampuni nisiyoijua, nikakisoma nikakipenda: mtiririko mzuri, sentensi fupi, mwandishi anajua kazi. Ukurasa wa pili nikakutana na koma yangu. Banda la tatu kile kile, jina jingine, rangi nyingine. Banda la mwisho hawakumaliza hata kubadilisha. Ukurasa wa nne jina la mteja wangu wa kwanza lilikuwa palepale, likiahidi uaminifu. Binti aliyekuwa bandani akaniuliza kama na mimi nina kampuni, kwa sababu "kuna kaka mmoja anatengeneza hizi profaili vizuri sana, bei poa". Nikamwomba namba ya huyo kaka. Siyo yangu.

Siku hizi hata marudio yenyewe hawahangaiki nayo, wanauliza simu. Mwenye duka moja la zana aliniletea ukurasa mzima ulioandikwa na ChatGPT, akaniambia imeshaandikwa yote, mimi ninyooshe tu. Ulianza hivi: "Tumejizatiti kutoa masuluhisho bunifu yanayokidhi mahitaji yako ya kipekee." Duka linauza koleo na sururu. Mtu anayenunua sururu ana hitaji moja la kipekee, kwamba mpini usichomoke ukamuulia mwenzake aliye nyuma. Nikafuta ukurasa wote, nikaandika: "Sururu zetu hazichomoki mpini." Akahesabu kwa vidole, maneno manne, akaniuliza kwa upole kabisa kama mwanamume mzima anaweza kudai hela ya maneno manne, wakati simu imempa ukurasa bure. Hela sijaiona. Bango lipo, maneno manne kwa herufi nyekundu, na jirani yake mwenye duka kama lake ameshaandika hivyohivyo.

Ninachowaonea wivu ni serikali. Soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, utaratibu ulikuwa mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, vinakatwa palepale kwenye mizani kabla muuzaji hajahesabu noti zake. Sijasikia mtu aliyemwambia ofisa madini angoje mpaka waoshe. Wala hakuna aliyemwambia kwamba yeye si alikaa tu kwenye kiti, na amekaa kweli, kiti kizuri kuliko changu, chenye feni.

Basi na mimi nimetoa kanuni zangu za mwaka huu, na hizi nimeziandika bure. Nusu ya malipo kabla sijafungua kompyuta, nusu nyingine nikikabidhi kazi. Marekebisho ni mara mbili, ya tatu inalipiwa hata kama imependekezwa na mchungaji. Miaka ya uzoefu nitaandika iliyo kwenye cheti. Kiingereza kigumu kina bei yake, na n.k. ina bei kubwa zaidi. Mchele napokea, hasa wa Kagongwa. Mawe sipokei, hata yawe yanang'aa. Na ukinilipa kwa simu, ndugu mteja, tuma na ya kutolea.