Sifa za Ufa wa Kioo cha Mbele

Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamesifu ngamia, na wapo waliokula vizuri kwa kusifu mawaziri. Ufa wa kioo cha gari haujapata hata ubeti mmoja. Nachukua kalamu kuondoa dhuluma hiyo, na ushahidi ninao uani kwangu Rejaf, kusini mwa Juba: Toyota Celica ya kizazi cha sita, kile kilichotengenezwa kati ya 1993 na 1999, yenye ufa ulioanzia upande wa abiria na ambao, Mungu akiujalia umri, utafika kwa dereva kabla ya masika.

Nasaba yake kwanza, maana sifa bila nasaba ni porojo. Ufa huu ni mtoto wa lori na kokoto. Juba inajengwa, na viungani mwake watu huvunja mawe kutwa, wengi wao akina mama wenye nyundo mkononi. Malori huja kuyasomba, yakapakiwa mpaka yakafura, na turubai likabaki limekunjwa palepale utingo anapolalia. Lori likiingia shimoni linatema. Siku hiyo lilitema, na katika kokoto zote zile moja ikanichagua mimi. Dereva alitoa mkono dirishani akasema "maalesh", yaani samahani, akaenda zake. Jiji lazima lijengwe.

Sasa tazama hekima ya kokoto yenyewe. Sudan Kusini tunaendesha upande wa kulia, urithi wa Sudan iliyohamia upande huo mwaka 1973. Lakini magari yetu mengi ni ya Kijapani yaliyoshukia Mombasa na kupitia Kampala, usukani uko kulia. Kwa hiyo dereva hukaa upande wa majani, na abiria ndiye anayepishana na malori ana kwa ana. Kokoto ilimlenga abiria. Mimi mwenye gari iliniachia muda wa kuzoea.

Nao ufa una adabu. Pitisha ukucha kwa nje, unakwama. Pitisha kwa ndani, unateleza. Hiyo ni kwa sababu kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja, katikati pana utando wa plastiki, na kilichopasuka ni cha nje tu. Asante zimwendee Mfaransa Édouard Bénédictus, mkemia na msanii. Mwaka 1903 chupa ilimponyoka maabara, ikapasuka lakini vipande vikakataa kuachana, kwa kuwa ndani yake palikuwa na utando wa nitrati ya selulosi uliokauka. Mwaka 1909 akapata hataza ya kioo cha aina hiyo. Vioo vya milangoni havina malezi haya: vikigongwa vinageuka chembe na kukumwagikia mapajani mara moja, hata salamu hakuna. Ufa wa kioo cha mbele ni mgeni anayebisha hodi, akakaribishwa, akaketi pembeni, na siku zinavyokwenda akajisogeza mpaka kiti cha baba.

Tena unakua. Katika mji ambao miradi mingi hukatiwa utepe na kuachwa hapo, ufa wangu unasonga mbele bila bajeti wala mfadhili. Chakula chake ni joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu nyuzi 45 zilikuwa zinatarajiwa. Watoto wakakaa nyumbani, nyufa zikaendelea na kazi. Mwenye kiyoyozi hahitaji juhudi: kioo kikishachemka juani, anapuliza ubaridi kwa ndani, upande mmoja unasinyaa, wa pili umetanuka, na ufa unapata njia. Celica yangu haina tena kiyoyozi, lakini yupo kijana anayeosha magari mtaani kwetu, mchapakazi kweli. Saa saba mchana alikimwagia kioo ndoo nzima ya maji ya kisimani. Tulisikia "tik", tukainama wote wawili, tukaona ncha imevuka stika ya bima. Akasema, "Mjomba, umenenepa."

Lakini sifa kubwa ya ufa ni kwamba unatuliza. Celica si jina dogo katika Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza 1953, na magari ya kifahari ya Ulaya yamekuja kuvunjikia humo. Celica Twincam Turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo: 1984 na 1986 kwa mkono wa Björn Waldegård, 1985 kwa mkono wa Juha Kankkunen. Celica GT-Four ikaja kuchukua 1990, 1992, 1993, 1994 na 1995. Mtu mwenye Celica, hata iwe imechoka namna gani, hubeba historia hiyo kwenye mguu wa kulia. Mpe barabara ya Juba hadi Nimule mpakani na Uganda, kilomita 192 za lami iliyokamilika 2012 kwa fedha za Wamarekani, na mguu unakuwa mzito wenyewe. Hapo ndipo ufa unapookoa maisha. Nikivuka mwendo wa bodaboda, bodi inatikisika na kioo kinaanza kulia kisauti chembamba kama cha mbu. Naachia mafuta. Ng'ombe wananipita, wananigeuzia macho, wanaendelea.

Na Rejaf ndipo hasa pa kujifunza utulivu huo, maana hapa pana kazi ya zamani ya kuwasimamisha wenye haraka. Mto Nile wenyewe, ukipanda kwenda kusini, una maporomoko ambayo meli haziyawezi. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na haraka ya kuifikia Nile. Februari 1897 jeshi lake chini ya Louis-Napoléon Chaltin likawashinda Wamahdi wa Sudan hapahapa. Akapata nini? Alikaa na eneo hili, lililoitwa Lado, mpaka kifo chake 1909, na mwaka uliofuata nchi ikapewa Sudan. Baadaye, kabla Juba haijawa bandari, meli za mvuke kutoka Khartoum zilikomea Rejaf, abiria wakashuka na kupanda motokaa za kwenda Nimule. Wale nao sidhani kama walikwenda kasi.

Ufa pia unalinda mali. Gari la michezo la milango miwili mjini Juba ni mali ya ukoo: ikifika Jumamosi, kila binamu anaolewa. Zamani nilikuwa napigiwa simu kuanzia Alhamisi, gari likarudi Jumapili na tangi kavu na utepe wa waridi kwenye vioo vya pembeni. Tangu ufa uingie, hakuna bibi harusi anayekubali kupigwa picha nyuma ya kioo kilichopasuka. Shangazi mmoja alikitazama, akanitazama mimi, akasema ni nuksi. Sikubishana naye. Mwizi naye ana akili za shangazi.

Wapo watakaoniambia kwamba kioo cha mbele si dirisha tu: hubeba sehemu ya paa gari likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Ni kweli, na abiria wangu wameambiwa. Ndiyo maana ndani ya Celica hii watu husali zaidi kuliko wanavyosali kanisani. Wengine watalalamika kuhusu usiku, kwamba taa za lori zikipiga ufa zinatawanyika, na bodaboda mmoja asiye na taa anaonekana watano au haonekani kabisa. Anapoonekana watano, mimi huwakwepa wote watano.

Halafu wanakuja na ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyesema hayo alikuwa na nyumba ya udongo, na udongo unachimbwa uani bure. Angekuwa na Celica angejua kwamba huu hauzibiki wala hakuna ukuta wa kujenga. Kinachonunuliwa ni kioo kizima, na kinauzwa kwa dola.

Ndiyo, nilitafuta kingine. Siwezi kusifu kitu bila kujaribu njia ya kukikimbia. Fundi wangu ni mtu wa Mbale, Uganda, na gereji yake ni mwavuli na kreti ya soda pale Gumbo. Alikigonga kioo kwa kidole gumba, akasikiliza, akakigonga tena mahali pengine.

"Mzee, ungeleta kikiwa kidoti, ningejaza gundi yake na kimekwisha. Sasa hivi kimekuwa barabara."

Nikamwuliza kama hawezi kukata kingine hapahapa, kama anavyokata vya malori.

"Cha lori ni bapa, mzee. Hiki kimepinda huku na kimepinda huku. Nikikigusa na kisu, tunapata mchanga."

Akanieleza kazi ilivyo: waya mwembamba unapenyezwa kwenye gundi ya zamani, mmoja anavuta ndani ya gari, mwenzake anavuta nje, wanazunguka kioo chote wakikata bila kuchuna rangi, maana palipochunika patashika kutu na gundi mpya haitashika. Kioo kipya kikiwekwa, gari linalala, na mtu asibamize mlango, hewa isije ikakisukuma nje. Yote hayo anayaweza. Alichokosa ni kioo. Probox anacho, Premio anacho, Noah viko viwili. Celica ilisimamishwa kutengenezwa 2006, na hii yangu ilikuwa imeshapitwa na mtindo kabla ya hapo.

Hapo ufa ukafanya kazi ambayo marais hulipwa kuifanya. Mkataba wa Sudan Kusini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Aprili 2016, na vikao havijakoma tangu hapo. Ufa wangu, bila posho, uliunganisha Gumbo na wauza spea wa Kampala, Kampala ikaulizia Kirinyaga Road kule Nairobi, Nairobi ikamtafuta mtu wake Dubai, sauti za WhatsApp zikipishana usiku kucha kwa Kiswahili cha kila mkoa na hesabu za sarafu nne. Hatimaye kikapatikana Kampala penyewe, nyuma ya duka la mtu aliyesema mwanzo kwamba hana.

Kikapanda basi kimefungwa ndani ya godoro. Kikavuka mpaka wa Elegu, kikavuka Nimule, kikashuka Juba salama kwa kila kitu isipokuwa ufa, safi kabisa, kutoka kona ya chini hadi ukingo wa juu. Watu wa basi walisema kilipakiwa hivyo. Aliyekipakia alituma picha kikiwa kizima. Mimi sikugombana na mtu. Nilikiegemeza ukutani kwa heshima zake, na sasa ninazo nyufa mbili, moja kazini na moja ya akiba.

Kwa hiyo, madereva wa malori ya kokoto, nawaombeni msibadilike. Turubai ni la kulalia. Bila nyinyi fundi wa Mbale atakula nini, na Jumuiya itaunganishwa na nani? Na wewe msomaji uliyeko Nairobi, Kampala au Dar, ikiwa unajua mahali kilipo kioo cha mbele cha Celica ya kizazi cha sita, kizima, nitumie bei. Ila kisije kwa basi, nitakifuata mwenyewe.