Tageti Zetu Ziko Tayari. Naomba Kuziona Zenu

Kwa Waheshimiwa wa Malengo,
Wizara ya Elimu,
Jogoo House, Harambee Avenue,
Nairobi.

MINT: TAGETI ZA SHULE YETU YA KUTWA, UKUNDA

Waheshimiwa,

Salamu kutoka kusini mwa feri ya Likoni, ambako msimu wa watalii huja na kwenda lakini msimu wa tageti hauna mwisho. Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya shule moja ya upili ya kutwa hapa pembezoni mwa Ukunda. Sitaitaja jina. Si kwa woga, ni kwa sababu mkiitafuta kwa sifa zake mtapata nyingine kadhaa zinazofanana nayo kabla hamjafika Msambweni.

Naandika kuwajulisha kwamba agizo lenu la kila shule kuweka tageti limetekelezwa. Tageti zipo. Zimechapwa, zimepigwa muhuri na kubandikwa ukutani baina ya Dira na Dhamira, chini kidogo ya lile bango linalotangaza kuwa hapa ni eneo lisilo na ufisadi. Bango hilo limekuwapo miaka mingi na hajatokea mtu wa kuliuliza limefikia wapi.

Tageti kuu ni moja: wastani wa mtihani wa KCSE upande kutoka 3.2 hadi 4.5. Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kukalishwa kikao cha bodi, A ni pointi 12, E ni pointi 1, na mlango wa chuo kikuu hufunguka kwenye C+, yaani pointi 7. Kwa hiyo 3.2 ni D tupu, na 4.5, ukiikadiria kwa moyo mkunjufu, ni C-. Kauli mbiu ya shule inawahimiza watoto wafike kileleni. Kilele chenyewe, kwa mujibu wa karatasi mliyotutaka tujaze, ni C-.

Mtauliza 4.5 tuliipata kwa utafiti gani. Mmoja kikaoni alitaja 3.5, akaambiwa haina hamasa. Mwingine akataja 5.5, akaambiwa anaota. Tukakutana katikati kama watu wanaopatana bei ya samaki changu, chai ikaletwa. Wiki iliyofuata wanafunzi nao wakapewa karatasi kila mtu aandike tageti yake, mzazi atie sahihi. Kijana mmoja wa Kidato cha 3 alijiandikia A katika masomo yote, ikiwemo fizikia, somo ambalo kwa sasa halina mwalimu. Alipigiwa makofi.

Sasa hesabu, maana nanyi ni watu wa hesabu. Chukueni watahiniwa 120 wenye wastani wa 3.2. Jumla yao ni pointi 384. Ili tufike 4.5 tunahitaji 540, maana yake pointi 156 zitoke mahali. Njia moja ni kufundisha. Ni njia ndefu, inataka walimu, vitabu, tumbo lenye kitu na miaka minne ya subira, na tageti yetu hupimwa kila mwaka. Njia ya pili ni fupi mno. Watafute wale 40 wanaoelekea kupata E, uwatoe kwenye orodha. 384 ukitoa 40 zinabaki 344. Gawanya kwa 80, ni 4.3. Tumepanda zaidi ya pointi nzima, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua leo kitu ambacho hakukijua jana.

Sisemi shule yetu imefanya hivyo. Nasema karatasi yenu imetuonyesha mlango na kuuacha wazi. Kumtoa mtoto kwenye orodha si kazi ngumu: huyu anaambiwa arudie kidato kwa faida yake, yule anashauriwa akajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, wa tatu anaitiwa babake na kuelezwa kwa upole kwamba kuna shule nyingine nzuri upande wa Kinango. Najua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumlazimisha mtoto arudie darasa na kumfukuza ovyo. Najua pia kwamba tangu 2018 mmetaka kila mtoto aliyemaliza msingi aingie sekondari, machifu na wazee wa mitaa wakatumwa kuwasaka nyumbani, ufuoni na minazini. Basi chifu anawaingiza kwa mlango wa mbele, na wastani unawatolea dirishani. Sera zote mbili ni zenu. Mkizikutanisha siku moja, tutashukuru kupata muhtasari wa kikao.

Kuna msichana nataka kuwaeleza habari zake, na namweleza kama mfano tu. Alitujia na alama 170 za KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, kati ya 500. Kila aliyemwona alisema huyu ni E. Akasoma, akapata D+, pointi 4. Kuna na mvulana aliyekuja na alama 330, akauzoea ufuo wa Diani, akagundua kwamba mtalii halipi kwa cheti, akaishia na C, pointi 6. Kwa tageti ya 4.5 msichana aliyepanda anatushusha, na mvulana aliyeshuka anatupandisha. Siku ya kutuza washindi atakayeitwa mbele ni mvulana.

Kwenye bajeti ya malengo mlituelekeza tuweke ziara ya kujifunza. Tumeweka. Wajumbe wengi wanataka Alliance, huko Kikuyu, shule iliyoanzishwa 1926, na mimi siwapingi maana sijawahi kufika. Tutajifunza mengi. Tutajifunza kwamba ukiwapokea watoto waliopata 400 na zaidi kutoka kila pembe ya nchi, ukawapa kitanda, maktaba, maabara na chakula mara tatu kwa siku, watoto hao hufaulu. Tutapiga picha chini ya mti wa pale na kurudi na fulana. Kinachonishangaza ni kwamba katika miaka yote hii sijasikia basi la shule ya kitaifa limeteremka Ukunda kuja kujifunza kwetu namna mwalimu mmoja anavyosomesha kemia na biolojia kwa madarasa manne, kisha usiku akaenda saiba kupakia ushahidi wa TPAD, fomu ya kutathmini walimu. Fomu hiyo ilianza 2016, na lengo lake, tuliambiwa, ni kuinua ufundishaji. Mwalimu wetu ana ushahidi mwingi sana wa kufundisha. Muda wa kufundisha ndio umekuwa mchache.

Haya, tuje kwenye namba zenyewe, kwa kuwa kuna jambo mnalijua na mnatuficha. Mwaka 2015 waliopata A katika nchi hii walizidi 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Hakuna anayeamini kwamba kizazi kizima kilipoteza akili kwa miezi kumi na miwili; mtihani ulilindwa, na wizi ukapungua. Halafu 2023 kanuni ya kupanga gredi ikabadilishwa. Zamani masomo matano yalikuwa ya lazima. Sasa ni hesabu na lugha moja, na mengine matano yanachukuliwa yale mtoto aliyofanya vizuri. Waliopata C+ na kwenda juu wakapanda kutoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133. Mimi naiunga mkono kanuni hiyo, ina utu. Ila niruhusuni niseme kwamba kwa kalamu moja mlipandisha matokeo kuliko ziara zote za kujifunza zilizowahi kufanywa, na hamkubandika tageti yoyote ukutani.

Na hili la sekondari pevu, ngazi ya juu ya mtaala mpya. Mlipopanga shule katika madaraja, za kitaifa zikawa C1, za kutwa za kaunti ndogo kama yetu zikawa C4. Wazazi kadhaa walinipigia simu kunipongeza. Walidhani tumetoka D. Sikuwa na moyo wa kuwasahihisha. Mnataka asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Lengo zuri, na Kwale ndiko mahali pake. Kwa zaidi ya miaka kumi, kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024, ardhi ya kaunti hii ilitoa madini ya ilmenaiti, rutaili na zikoni, zikapakiwa melini pale Likoni kwenda viwanda vya ng'ambo. Watoto wetu walizisikia zikipita barabarani. Sasa titani ya madini hayo wataisoma kwenye chati ya ukutani, maana maabara ni chumba chenye bomba moja, na bomba lenyewe lina mapumziko yake. Lakini asilimia 60 tumeiandika. Kuandika hakuhitaji maji.

Kitu kimoja tulikiomba kwenye karatasi ya malengo kikakatwa kwa wino mwekundu, kwamba hakipimiki. Tuliomba tageti zifuate kalenda ya hapa. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, masika ikimwagika, hoteli za Diani zikiwa tupu, nyingine zikifungwa kwa ukarabati. Vibarua wa jikoni, wa bustani na wa kufua shuka huambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Hao ndio wazazi wetu. Muhula huo deni la lanchi hupanda kuliko alama, mtoto hubaki kitandani Jumatatu na Jumanne, au huonekana kwenye steji ya bodaboda akimshikia mjomba pikipiki. Shule ni ya bure, ni kweli. Sahani ya maharagwe na mahindi ndiyo ina bei. Ingekuwa mimi, tageti ya kwanza ya muhula wa pili ingekuwa idadi ya watoto waliokula saa saba mchana. Inapimika kwa mwiko. Afisa aliyelikata ombi letu hakutokea kufafanua.

Nije kwenye ombi langu. Kwa kuwa tumejaza fomu yenu bila kunung'unika, tumeona ni adabu nanyi mjaziwe yenu. Nimeanza kuwasaidia.

Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa kutwa uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka tangu 2018, ukitolewa nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Hiyo ni tageti, na mliiweka wenyewe. Julai 2025 Waziri wa Fedha, Mheshimiwa John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba fedha hizo hazipatikani zote, kinachowezekana ni karibu shilingi 16,900. Baadaye serikali ikasema elimu ya bure iko palepale. Mimi nimegawanya tu: ni asilimia 76. Kwa shule ya watoto 500, pengo ni shilingi 2,672,000 kwa mwaka. Ukimlipa mwalimu wa bodi 15,000 kwa mwezi, hao ni walimu 14 wa mwaka mzima na chenji inabaki. Yule wa fizikia angekuwa mmoja wao.

Mkuu wa shule akifikia asilimia 76 ya tageti yake, huitwa kutoa maelezo kwa maandishi. Kwa hiyo naomba, kwa heshima, maelezo yenu kwa maandishi. Yaeleze changamoto mlizokumbana nazo, hatua mlizochukua na tarehe. Mkikosa cha kuandika, andikeni kile walimu wetu huandika kwenye safu ya mwisho: uhaba wa rasilimali. Mtaona raha ilivyo kukubaliwa sababu hiyo.

Ziko safu nyingine nimewaachia wazi. Ipo ya siku ambayo mgao huingia benki, ikilinganishwa na siku ya kufungua shule. Ipo ya walimu walioombwa na walimu waliofika. Hiyo mnaweza kuwapa wenzenu wa Tume ya Huduma kwa Walimu kule Upper Hill waijaze, wao ni hodari wa fomu. Ipo pia ya ushahidi. Tunapokea picha, ila ziwe na tarehe, na mwanafunzi aonekane akiwa ndani ya darasa, si nje akishika bango la kuwakaribisha.

Mwisho kabisa, kuna jambo la kiufundi nalihitaji ufafanuzi kabla bodi haijaketi tena. Mpango mkakati wetu, uliopitishwa na ofisi husika kwa muhuri wa duara, ni wa 2026 hadi 2030, na unasema 4.5 itafikiwa mwaka wa mwisho. Kwa ajili ya mtaala mpya, KCSE ya mwisho kwa wanafunzi wa shule ni 2027. Baada ya hapo hatutakuwa na mtahiniwa wa KCSE, wala gredi yake, wala wastani wake wa kugawanya. Wajumbe wenzangu wamefurahi sana kugundua hili. Wanasema mwaka 2030 tutatangaza 4.5 na hakuna atakayeweza kutupinga, na mmoja amependekeza tukiwa hapo tuandike 7.0 kabisa, tuwe na sifa ya chuo kikuu. Mimi nimewaomba wasubiri jibu lenu.

Wenu katika malengo,

Mzazi, Mjumbe wa Bodi,
Ukunda, Kwale.

Nakala kwa:
Hazina ya Taifa (jibu lenu lisipungue asilimia 76 ya ukurasa);
Tume ya Huduma kwa Walimu (msitume fomu nyingine, tumeni mwalimu wa fizikia);
Mpishi wa shule, kwa taarifa na kuongeza maji kwenye maharagwe.