Kimombo cha Kukopi

Mfyuu! Msonyo huu si wa bure, jamani. Dogo mmoja wa bodaboda kaniletea barua yake ya kuomba kazi nimwangalizie. Kazi yenyewe ulinzi. Mahakamani kwenyewe sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili lugha iwe Kiswahili, lakini kufungua na kufunga geti la mtu, mpaka uombe kwa Kimombo!

Haya, nikaisoma. Mwombaji ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Mstari wa tatu: mwombaji ni binti wa miaka 22. Dogo ana ndevu. Kumbe barua kaitoa steshenari, na steshenari nao walimchapia mtu mwingine, wakabadilisha jina tu wakaona yatosha.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana dogo huyu kamaliza kidato cha nne. Shule ya msingi alisoma kila kitu kwa Kiswahili, alipoingia kidato cha kwanza historia, jiografia na baiolojia zote zikageuka Kimombo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitamka Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Hilo la sekondari mpaka leo tunalisikilizia. Miaka minne mwalimu anajaza ubao, dogo anakopi. Madaftari kibao, mwandiko safi, na ndani yake hamna hata sentensi moja aliyoitunga mwenyewe. Insha aliikuta kwenye mtihani. Nani angemsahihishia? Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya mikondo yote anatia vema, anageuza ukurasa.

Halafu tupo sisi, wenye meno ya kucheka. Mkandarasi Mchina akituandikia Kimombo kilichovunjika miguu kwenye bango lake, tunasema mtaalamu huyo, mwacheni. Mwenzetu akiandika meseji kwenye grupu akamwita mama mkwe wake kwa kiwakilishi cha kiume, anapewa jina la utani mpaka mwisho wa mwezi. Ajuaje mapema? Kwetu "amefika" ni huyohuyo, awe baba awe mama. Na yale maneno madogo Waingereza wanayotanguliza mbele ya nomino, sisi hatunayo. Warusi nao hawana, wanahangaika nayo vilevile.

Kuna baharia mmoja, baharia wa melini kwelikweli, si mabaharia wa maneno kama nyie. Joseph Conrad. Mpolandi, kazaliwa 1857, Kiingereza kakianza akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ndani ya meli za Waingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1895. Wanafasihi wa Uingereza wenyewe wanamhesabu kati ya vigogo wao, na mpaka anakufa 1924 lafudhi yake ilikuwa nzito, akifungua mdomo tu unajua huyu wa kuja. Sasa nyie mnaong'ang'ania kubana pua muonekane mmetoka Marekani, kalamu mmeiweka wapi?

Dogo nimemwambia hivi. Achana na barua kwa mhariri na insha ya "Shule Yangu". Andika uliyoyaona leo: abiria kakukatalia nauli, petroli imepanda, Simba na Yanga wamegawana pointi na mtu kavunja redio. Mistari mitano tu. Kesho isome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, andika upya. Mtafute mtu mmoja anayejua, akuoneshe kosa moja, lile unalolirudia kila siku. Akikupigia mistari myekundu ishirini kwa mpigo, utakunja karatasi usirudi tena. Na simu iache mfukoni mpaka umalize. Sikatai, inasahihisha vizuri. Ila ukiiachia iandike yenyewe, hiyo ni steshenari nyingine tu, tofauti yake hailipishi kurasa.

Kaniuliza, akikosea je? Nikamwambia atakosea sana, tena mbele ya watu hawahawa. Kwa hiyo tumepitisha, na mzee wa kahawa ndiye shahidi: kuanzia leo atakayecheka Kimombo cha mwenzake kijiweni hapa, kahawa ya wote ni juu yake. Na kashata.