Barua ya Wazi kwa Wakuu wa NCAA, Walinzi wa Vijana Warefu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa NCAA, Chama cha Michezo ya Vyuo Vikuu vya Marekani, Indianapolis.

Naomba ruhusa ya kuwashughulisha kidogo, ingawa natambua ya kuwa wakati wenu una thamani kubwa, kwani mwaka 2010 mliuza haki ya kuonyesha mashindano yenu ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi kwa dola bilioni 10.8 kwa muda wa miaka 14, na mwenye bidhaa ya kadiri hiyo si insafu kumsumbua kwa habari ya moyo wa kijana mmoja. Sisi wa mwambao huu, hata hivyo, tuna udhuru wa kuandika. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipita mikononi mwenu katika Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuteuliwa wa pili katika NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, na tangu hapo kila mzazi mwenye mtoto anayeinama mlangoni huambiwa na majirani kwamba ndani ya nyumba yake mna mali. Tungependa kujua mali hiyo mnaitunza vipi.

Kijana ninayemkusudia ni Isaiah Austin, ambaye alicheza misimu miwili katika Chuo Kikuu cha Baylor, mjini Waco, Texas. Kimo chake kilikuwa mita 2.16, na katika msimu wa 2013-14 alizuia wastani wa mipira 3.1 kwa kila mchezo. Na yote hayo aliyatenda hali jicho lake la kulia halioni, siri aliyoifichua hadharani Januari 2014. Miezi michache baadaye alikwenda kupimwa na NBA pamoja na wenzake waliotarajia kuteuliwa. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha jambo lisilo la kawaida, damu yake ikachunguzwa, na siku chache kabla ya usiku wa uteuzi wa tarehe 26 Juni, kijana wa miaka 20 akaambiwa kwamba ana ugonjwa wa Marfan na kwamba asicheze tena.

Ugonjwa huo, Waheshimiwa, ni wa kurithi, aghalabu kutoka kwa mzazi, ingawa huweza kuzuka kwa mtu ambaye wazazi wake hawana. Humpata takriban mtu 1 katika 5,000. Hutokana na kasoro katika jeni iitwayo FBN1, ambayo kazi yake ni kuuimarisha utando unaoshikamanisha viungo vya mwili, na utando huo ukidhoofika, mshipa mkuu utokao moyoni hutanuka pole pole hata siku moja ukapasuka. Flo Hyman, nyota wa mpira wa wavu wa Marekani aliyetwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya 1984, alianguka akiwa katika benchi la timu yake huko Japani, Januari 1986, akafariki; ni maiti yake iliyowatanabahisha matabibu kuhusu alichokuwa nacho. Dalili za nje za ugonjwa ni kimo kirefu, vidole virefu, mikono ambayo pima yake huzidi kimo cha mwenyewe, na macho yaliyo dhaifu, ambayo retina yake huweza kubanduka. Retina ya Isaiah Austin ilikuwa imebanduka tangu alipokuwa kijana mdogo.

Hapa ndipo hekima yenu inaponishangaza. Maskauti wenu, wasaka vipaji, husafiri bara zima wakiwa na kamba za kupimia, wakitafuta vijana ambao pima yao imezidi kimo chao, na kadiri izidivyo ndivyo wafurahivyo. Tabibu naye, akiishika kamba ile ile na kuuona uwiano ule ule, huanza kuwa na shaka. Kwa hiyo kipimo kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, tena bila gharama ya ziada, na kilichokosekana ni mtu wa kukisoma kwa jicho la pili.

Nimetafuta sababu ya jambo hili kwa muda, nikaipata katika desturi za bandarini kwetu. Anayenunua jahazi huteremka ngamani na taa mkononi, akagonga ubao mmoja mmoja na kunusa kalafati. Aliyeazimwa jahazi kwa misimu miwili hupandisha tanga akaenda zake. NBA ilikuwa karibu kutoa fedha. Ninyi, enzi hizo, mlikuwa mmeazimwa.

Wala nisieleweke kwamba nawatuhumu kwa uzembe, maana ushahidi wa bidii yenu ni mwingi. Mliwahi kuwa na kanuni iliyoruhusu mchezaji kupewa na chuo mkate wa mviringo uitwao begeli kuwa kitafunio, ila ukipakwa jibini laini umekuwa mlo, na mlo nje ya ratiba ulikuwa hatia. Aprili 2014, Shabazz Napier wa Connecticut, bingwa wenu wa mwaka ule, aliposema kwamba ziko siku hulala na njaa, mliafiki katika siku chache kwamba wachezaji walishwe bila kikomo. Yaani katika majira yale ambayo Austin alikuwa akijiandaa kwenda kupimwa, suala la jibini lilikuwa limekwisha kufikia suluhu.

La moyo lilienda polepole zaidi. Mwaka 2015 mganga wenu mkuu alifikiri kupendekeza kwamba wachezaji wa kikapu wa kiume wapimwe umeme wa moyo, maana katika michezo yenu yote hao ndio ambao kifo cha ghafla huwafika mara nyingi zaidi. Matabibu wa vyuo wakapinga kwa waraka, naye akarudi nyuma. Hoja zao, nakiri, zina uzito: kipimo hicho huzua hofu za bure, hasa kwa wachezaji weusi ambao mapigo yao hayafanani na yale ambayo vitabu viliyaweka kuwa kanuni, na Marfan yenyewe haionekani kwa kipimo hicho peke yake bali kwa picha ya moyo. Lakini Italia imelazimisha upimaji huo kwa wanamichezo wake tangu 1982, na katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla vilipungua kwa asilimia 89. Nadhani Waitalia hawakuwa na waganga wa kuwaandikia waraka.

Fauka ya hayo, mwaka 2013, katika kesi ya mchezaji aliyefariki baada ya kuumia kichwani, mliiandikia mahakama kwamba mnakana kuwa na wajibu wa kisheria wa kuwalinda wachezaji wenu. Nilipoisoma kauli hiyo niliona ndani yake uaminifu ambao taasisi nyingi hazinao, na nashauri iandikwe katika fomu ya kujiunga, juu kabisa, pale mzazi anapotia sahihi.

Usiku wa uteuzi, kati ya jina la 15 na la 16, Adam Silver, mkuu wa NBA, alimwita Austin jukwaani, akatamka kwamba NBA inamteua, akampa kofia, na ukumbi ukasimama kumshangilia. Lilikuwa jambo la utu, na simlaumu mtu aliyelia. Miaka miwili baadaye matabibu wengine walimruhusu kucheza, naye akaenda kuitafuta riziki ya mpira Serbia na nchi nyinginezo. Katika NBA hakucheza hata dakika moja.

Sasa nimesikia habari njema: tangu Julai 2025 vyuo vilivyoridhia vinaweza kuwagawia wachezaji wao fedha, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Siwapongezi kwa ukarimu, maana mahakama ndiyo iliyoidhinisha, bali kwa sababu hatimaye mmekuwa wanunuzi, na nina yakini kwamba mnunuzi hatachelewa kuitafuta taa. Orodha ya mambo 14 ya kumchunguza mwanamichezo, ambayo Chama cha Moyo cha Marekani kimekwisha kuitayarisha, inataja dalili za Marfan kwa jina. Haihitaji mashine, ila daktari asiye na haraka na mzazi wa kuulizwa kuhusu ndugu waliokufa mapema. Naomba muifanye lazima kwa kila kijana kabla ya mazoezi ya kwanza, na kamba ya kupimia mwaweza kuiazima kwa maskauti wenu.

Wasalaam,
Mzazi wa Kiswahili, mwenye mtoto anayeinama mlangoni